Bomba Lililouma

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Ilikuwa siku ya kutiwa hina dada yangu Rahma, nyumbani kwa bibi yetu huku Mji Mkongwe, na mimi nilikuwa msichana ambaye hata kuchaguliwa kanga alikuwa bado anachaguliwa na mama yake. Niliyoyaona siku ile yalinitia hofu ya umeme, na ajabu yake ni kwamba yalinifanya niustahi pia. Nataka nikusimulie yote mawili pamoja, kwa sababu mtu anayeogopa tu hufumba macho, na mimi nataka wewe uyafumbue.

Kaa vizuri basi. Mimi maneno yangu ni mengi, wajukuu zangu wameshazoea.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya ghorofa, kuta zake nene za mawe na chokaa, ngazi zake zimesimama wima mpaka wageni walikuwa wakipumzika katikati. Chini kulikuwa na duka la Bwana Jamna, mzee wa Kihindi aliyeuza balbu, fyuzi, waya na vikorokoro vya redio, na juu tukikaa sisi. Bafu lilikuwa huko huko juu. Lilikuwa na baridi na giza kidogo, na sakafu yake ya mawe sidhani kama iliwahi kukauka hata siku moja. Kando ya mlango wake ilipangwa mitawanda, vile viatu vya mbao vyenye kijiti cha kubana baina ya kidole gumba na cha pili. Hakuna aliyethubutu kuingia bafuni kwa Bibi miguu mitupu. Ukisahau, sauti yake ilikufuata humo humo ndani: "We! Mitawanda!" Kwake yeye huo ulikuwa usafi na adabu, basi, hakuwa na sababu nyingine. Tulikuwa tukijua nani yumo bafuni kwa mlio wa hatua zake.

Wiki ile ya harusi nyumba ilijaa watu mpaka wengine wakalala kwenye ngazi. Mwenye amri alikuwa Shangazi Aziza, ndiye somo wa Rahma, maana yake ndiye aliyekabidhiwa kumtunza bi harusi, kumsinga mwili kwa manukato na kumfunza mambo ya unyumba. Shangazi alikuwa mkunga hospitali. Mikono yake ilikuwa na nguvu, sauti yake ilisikika vichochoro viwili mbele, na kwa habari za majini alikuwa hana mpinzani. Usicheke. Mtu anaweza kuwa na akili zake timamu kazini na akarudi nyumbani kufukiza ubani, nimewaona wengi, na mimi mwenyewe sijavuka mbali sana na huko.

Ami yetu mmoja akatuletea friji lake la zamani tuliazime kwa ajili ya sharubati. Wapagazi walipokuwa wakihangaika nalo mlangoni, Bwana Jamna alitoka dukani akalitazama, miwani juu ya paji la uso.

"Likiwa juu msilichomeke kwanza," alisema. "Likae, nije nlitizame. La zamani hilo."

"Utakuja lini?" Shangazi Aziza akamuuliza kutoka juu ya ngazi.

"Nkifunga duka."

"Lo! Bwana Jamna, shughuli yetu haingoji duka lako. Maji ya baridi yanatakiwa sasa hivi."

Likawekwa ukumbini juu ya busati, likachomekwa, likaanza kunguruma, na baada ya muda tulikuwa tunagombania kuweka mashavu yetu kwenye barafu. Bwana Jamna alipopanda baada ya kufunga duka alikuta ukumbi umejaa wanawake waliovua mabuibui, akarudi chini kwa haya zake. Hakuna aliyemwita tena.

Asubuhi yake bomba la bafuni likaanza kuuma.

Aliyeumwa ni Shangazi Aziza mwenyewe. Alikuwa amelishika akinawa, mtawanda ukamponyoka, kidole chake cha mguu kikagusa sakafu. Tulisikia ukelele, kisha akatoka amejishika mkono. "Limeniuma!" alisema. "Wallahi bomba limeniuma!" Sote tukacheka. Yeye pia alicheka kidogo, halafu uso ukambadilika. Akasema wenyewe wa nyumba wamechukizwa na kelele zetu, na kwamba bafuni ndiko wanakokaa, kila mtu anajua. Bibi, ambaye alikuwa anachambua mchele, alinyanyua kichwa akauliza, "Tangu lini wenyewe wakakaa kwenye bomba?" Lakini chetezo kilikuwa kishawashwa. Ubani ukafukizwa bafuni mpaka tukakohoa, na tukaambiwa kila anayeingia apige hodi.

Baada ya hapo bomba halikumuuma mtu. Shangazi akatamba kwamba ubani umefanya kazi, nami nikamuamini. Kumbe baada ya ukelele ule kila mtu aliingia bafuni kwa uangalifu, amebana kijiti cha mtawanda kwa nguvu zake zote. Lakini usitucheke sana, mwanangu. Kitu hakionekani, hakina harufu, hakina sauti, kinakaa ndani ya chuma na kinakuuma ukikigusa. Wewe ungekiita nini?

Basi ikafika siku ya hina. Rahma alichorwa mikono mpaka juu ya viwiko na miguu mpaka juu ya vifundo, maua na majani yaliyoingia hadi baina ya vidole. Alikaa saa nzima na zaidi bila kutikisika, sisi tukimlisha kwa mkono. Hina ilipokauka ikabanduliwa, akapakwa mafuta, na rangi yake ilikuwa nzuri mpaka Bibi akamsomea asije akapatwa na jicho. Mara ikaadhiniwa alasiri.

Rahma akainuka kwenda kutawadha. Mimi nilimfuata na taulo. Alipofika mlangoni akaitazama mitawanda, kisha akavitazama vidole vyake. Kile kijiti kingesugua ua lililochorwa hapo hapo kinapobana.

"Leo nshasamehewa," akaniambia huku anacheka. Akakunja kanga yake, akapiga hodi kwa mzaha, akaingia miguu mitupu.

Nilisikia maji yakifunguliwa. Halafu nikasikia kitu kama mtu anayetaka kusema neno na asiliseme. Maji yakaendelea kumwagika. Nikamwita, "Dada?" Kimya. Nikamwita tena, kisha nikasukuma mlango.

Alikuwa ameinama mbele ya bomba, mkono wake wa kulia umelishika. Mkono wote ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama ukuta, na maji yanamtiririka miguuni juu ya hina yake mpya. Nilipiga kelele nikamrukia nimvute. Hapo hapo nikahisi nakamatwa nywele kwa nyuma, nikarudishwa mpaka nikaanguka. Alikuwa Bibi. Sijui kikongwe yule alifikaje mlangoni.

"Usimguse!" alinipigia kelele. "Mtakwenda wote wawili! Zuwena, shuka chini ukazime umeme! Umeme wote! Shuka!"

Baadaye alitueleza kwamba ujanani mwake alimuona mume akimkamata mkewe aliyenaswa namna ile, na nyumba ile yalitoka majeneza mawili. Wakati ule hakuwa na muda wa kueleza, na mimi sikuwa na muda wa kuuliza. Nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu au kwa makalio.

Swichi kubwa ilikuwa chini, pembeni ya mlango wa barabarani, sanduku la chuma jeusi lenye mkono ubavuni. Nilikuwa nalipita kila siku tangu nizaliwe. Na mbele yake, mwanangu, sisi wenyewe tulikuwa tumepanga masufuria makubwa ya pilau ya kuazima, moja ndani ya jingine, na juu yake mabusati na magodoro ya wageni, mpaka sanduku lenyewe halionekani. Nilianza kuvuta na kutupa. Masufuria yakaanguka kwa kishindo, moja likabiringika mpaka kichochoroni. Nilikuwa nalia na kumwita Mungu na kutukana masufuria, vyote kwa pamoja, Mola anisamehe.

Bwana Jamna akatoka mbio. "Nini?"

"Umeme umemshika Rahma!"

Hakuuliza neno la pili. Alilikumbatia godoro la mwisho akalitupa nyuma yake, nami nikaudaka ule mkono wa chuma. Ulikuwa mgumu. Niliuning'inia kwa uzito wangu wote mpaka ukashuka.

Nyumba ikanyamaza. Friji likaacha kunguruma, feni zikaacha kuzunguka, redio ya jikoni ikakatika katikati ya wimbo. Sikuwahi kujua kabla ya hapo kwamba nyumba yetu ilikuwa na sauti, mpaka ilipoondoka. Na katika ukimya ule nikasikia kitu kizito kikianguka huko juu, nikajua ni dada yangu.

Nilipofika juu Rahma alikuwa amelazwa chali sakafuni, na Shangazi Aziza amepiga magoti kandoni mwake, sikio kifuani. Akainua kichwa akasema, "Hapumui." Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baada. Kisha akamfunua mdomo, akambana pua, akaanza kumpulizia pumzi zake mwenyewe, halafu akamkandamiza kifua kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, akarudia, na akarudia tena. Wanawake walianza kulia na Bibi akawanyamazisha. Mimi nilisimama ukutani natazama miguu ya Rahma. Nilikuwa nafikiria kwamba hina ile wataikuta waosha maiti, na kwamba itakuwa haijapauka hata kidogo. Wazo lile liliniingia, na mpaka leo sijalitoa.

Halafu Rahma akakohoa. Akavuta pumzi moja ya kukwaruza, akakohoa tena. Shangazi Aziza akaketi chini pale pale kwenye maji, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bi harusi, akalia kama mtoto.

Rahma alipelekwa hospitali, akawekwa huko, madaktari wakawa wanausikiliza moyo wake usiku na mchana. Alirudi mzima. Katika kiganja chake cha kulia, katikati ya maua, palibaki kovu jeupe pasipokaa hina tena, mpaka leo.

Jioni ile ile, wakati Rahma yuko hospitali, Bwana Jamna alipanda juu na bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Bibi na Shangazi walikuwepo, na mimi sikukubali kuachwa nyuma. Alitutoa sote bafuni, akavaa mitawanda mikavu, akaagiza swichi kubwa irudishwe. Kisha akaigusisha ncha ya bisibisi kwenye bomba.

Kitaa kikawaka.

Mwanangu, nimeona mambo mengi katika umri wangu, lakini sijapata kushikwa na butwaa kama siku ile. Bomba la maji. Bomba tulilotawadhia, tulilonyweshea watoto. Na juu yake taa inawaka, nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, imetulia kabisa. Shangazi Aziza akasema "Subhanallah" akaukamata mkono wangu. Bwana Jamna alikwenda ukumbini akachomoa friji, akarudi, akagusa tena bomba, na kitaa hakikuwaka. Akalichomeka, kikawaka. Alirudia mpaka akahakikisha kwamba sote tumeona. Ndipo alipolichomoa kwa mara ya mwisho, akalifungia waya wake kwa kamba, akaketi kwenye ngazi kutueleza.

"Umeme hauji hapa kukaa," alisema. "Unapita. Unaingia kwa waya mmoja, unafanya kazi yake kwenye taa au feni, unarudi kwa waya wa pili mpaka kule ulikotoka. Njia ikikatika popote, hauendi. Swichi ndiyo kazi yake hiyo, kukata njia. Lakini plagi hii ina mguu wa tatu, huu mrefu. Huu hauleti umeme wala haurudishi. Umekaa bure siku zote, unangoja siku moja tu, siku waya wenye moto utakapochubuka ndani ukagusa mwili wa chuma. Siku hiyo umeme unapata njia nyepesi ya kushuka ardhini, unashuka kwa kishindo, fyuzi inaungua, nyumba inaingia kiza. Mngelinilaumu mie kwamba nimekuuzieni fyuzi mbovu, na bi harusi angelikuwa mzima."

"Na wetu mguu huo umefungwa wapi?" Bibi akauliza.

"Waliotia umeme nyumba hii waliufunga kwenye bomba la maji. Zamani ndivyo walivyofanya, bomba lilikuwa chuma tupu kutoka hapa mpaka ardhini chini ya njia. Lakini bomba la chini si lilikula kutu? Si alikuja fundi akalikata, akatia la plastiki? Nlikuwepo mimi. Nlisimama mlangoni pa duka langu nkishangilia maji yamerudi." Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Plastiki haipitishi umeme. Tangu siku ile waya wa tatu umefungwa kwenye kipande cha chuma kisichofika ardhini. Na mimi haikunipitikia akilini. Nami ndiyo kazi yangu."

Alieleza kwamba friji lilikuwa limechubuka ndani, umeme ukaingia kwenye mwili wake, ukafuata waya wa tatu mpaka kwenye bomba, na hapo ukakaa unatafuta pa kushukia.

"Mbona lilipokwisha kuniuma mimi siku ile, halikutuuma tena?" Shangazi Aziza akauliza.

Akaionyesha mitawanda kwa kidevu. "Nyinyi mlisimama juu ya mbao. Yeye alisimama juu ya maji."

Kisha akamgeukia Shangazi, na hapo ndipo nilipomsikia akisema kwa ukali, yeye ambaye hata wadeni wake alikuwa akiwabembeleza. "Bi Aziza, siku lilipokuuma lilikuwa linakwambieni. Hakuna onyo kubwa kuliko hilo. Nyinyi mkalifukizia ubani. Mngelikanyaga tu sakafu kwa nguvu, dari ya duka langu hiyo, ningelipanda mbio. Nyumba moja tunakaa! Hata kama ukumbi umejaa wanawake, mngelinipitisha nimefumba macho!"

Kutoka siku ile mpaka Shangazi alipofariki, Mungu amrehemu, likitokea jambo lisiloeleweka nyumbani kwake alisema, "Kwanza fundi, kisha ubani." Ubani hakuuacha.

Ni yeye pia aliyenieleza, miaka mingi baadaye, jambo ambalo bado linanishangaza kila ninapoweka mkono kifuani. Alisema moyo wenyewe wa mwanadamu unapiga kwa umeme. Mdogo, dhaifu, ambao Mola ameuwekea kipimo chake, unautuma moyo ukunjuke na ukunjamane. Umeme wa ukutani ukipita mwilini unauvuruga huo mdogo, moyo haujui tena umsikilize nani. Fikiria hilo. Kitu kinachopozea maziwa na kinachotuweka hai ni jamaa moja, na tofauti yake ni kipimo na njia. Nikibonyeza swichi ya taa hata leo, kizee mimi, nasema bismillahi. Umeme huu tunaoutumia Unguja unatoka bara, unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari, juu yake samaki wanaogelea, unafika hapa na kuniwashia taa kabla sijaondoa kidole. Vijana mnabonyeza huku mnatazama simu. Tazameni basi hata mara moja moja.

Nimekumbuka yote haya kwa sababu ya ziara yangu ya Mbweni hivi karibuni. Binti wa jirani yangu ameolewa huko, nyumba mpya, vigae vinang'aa, na bafuni ana mashine ya kupasha maji moto. Nilikuwa nanawa mikono akaniambia, "Bibi, lishike kidogo kidogo hilo. Linatekenya, lakini si sana. Mie nshazoea."

Nshazoea! Mwanangu, nilimtoa bafuni kwa kumvuta kanga, nikamuuliza swichi kubwa iko wapi, akawa hajui. Ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tuliitafuta tukaikuta nyuma ya kabati la viatu, nikaizima mimi, na nikakaa kwenye kiti mlangoni, sioni haya, mpaka fundi mwenye cheti alipokuja. Alikuta mguu wa tatu haujafungwa popote. Waya wake umekunjwa tu ndani ya ukuta na kupigwa plasta vizuri juu yake.

Kwa hiyo nisikilize. Kitu chochote nyumbani mwako kikikutekenya, bomba, friji, pasi, mashine ya kufulia, hata ukuta, usikizoee. Acha kukigusa, zima, mwite fundi anayejua, na usiwe na haya ya kumsumbua mtu. Jua swichi yako kubwa ilipo, uwaonyeshe watoto, na usipange kitu mbele yake hata siku ya harusi. Plagi ya miguu mitatu usiikate mguu ili iingie kwenye tundu la miwili, na anayekuuzia kifaa chenye mguu uliokatwa mrudishie. Bomba likibadilishwa nyumbani, muulize fundi waya wa ardhi umefungwa wapi sasa. Muulize pia kuhusu kile kifaa kidogo kinachokata umeme chenyewe mara tu unapovuja, ambacho sisi hatukuwa nacho. Kina kitufe cha kukijaribia, kibonyeze mara kwa mara uone kama bado kiko macho. Fyuzi ikiungua au swichi ikishuka, usiilazimishe wala usiizibe kwa kipande cha waya, maana imeshuka kwa ajili yako. Mikono mibichi na umeme havikai pamoja, na miguu mitupu juu ya maji ndiyo mibaya zaidi.

Na ukimkuta mtu amenaswa, najua moyo utakutuma umrukie. Mimi nilimrukia. Usimguse. Zima kwanza. Kama huna njia ya kuzima, simama pakavu, umsukume kwa ubao mkavu, au fagio lenye mpini mkavu wa mbao. Akiachiwa na asipumue, itisheni msaada, na anayejua ampulizie na amkandamize kifua bila ya kuchoka. Akipumua na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali hivyo hivyo, kwa sababu moyo uliovurugwa unaweza kukorofika baadaye.

Rahma yu hai. Ana watoto na wajukuu, na ana mdomo kunishinda mimi. Siku ile hatukuwa tukiizungumza, mpaka mwaka jana, tumekaa wawili barazani tunachambua njugu, nikamuuliza kama anakumbuka kitu. Aliniambia anakumbuka yote. "Nlikusikia ukiniita," alisema. "Uliniita mara ya kwanza, ukaniita tena. Nkataka kukuitikia. Neno lilikuwa hapa mdomoni, na mdomo haukuwa wangu." Akaendelea na njugu zake. Mimi nilishindwa kuendelea. Muda wote ule nilipokuwa mlangoni na taulo, dada yangu alikuwa yumo, ananisikia, hatua chache tu kutoka kwangu, na hawezi kuniambia.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye nuru isiyokudhuru. Akupe macho ya kushangaa kazi yake na akili ya kujikinga nayo. Aibariki mikono yako kwa kila inachokigusa, aulinde moyo wako na kile kipimo kidogo alichouwekea. Na wale unaowapenda, ukiwaita kutoka chumba cha pili, wakuitikie.